Kaure, Shanga na Vibangwa: Historia ya Vitu vya Pambo Ngara na Biharamulo

Kaure ilifika pwani ya Afrika Mashariki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, na katika kisiwa jirani cha Manda, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyombo vilivyochomwa China enzi ya Tang, katika karne ya 8 na ya 9: mabakuli ya Changsha yenye michoro ya kahawia na kijani, na vyombo vya Yue vyenye rangi ya zeituni. Katika nchi zilizo magharibi ya Ziwa Victoria, ambako leo kuna wilaya za Ngara na Biharamulo, kaure ilichelewa sana kufika, na ilipofika haikuwa sahani wala bakuli bali pambo la shingoni. Kwa hiyo historia ya kukusanya vitu vya thamani katika sehemu hizi ni historia ya vitu vidogo: shanga, nyaya za shaba, simbi, vibangwa na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma.

Ili kuona tofauti hiyo lazima kuanza pwani. Kuanzia karne ya 14 kaure ilikuwa alama ya mji uliofanikiwa. Katika jumba la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, lililojengwa zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, Neville Chittick alifukua chupa ya kaure nyeupe ya enzi ya Yuan pamoja na vigae vingi vya seladoni, ile kaure ya kijani kibichi iliyotoka katika tanuri za Longquan. Baadaye ikaja kaure nyeupe yenye michoro ya bluu kutoka Jingdezhen, ambako udongo wa kaolini ulichomwa kwa joto la nyuzi 1,300 hivi mpaka ukawa mgumu na mwangavu. Waswahili walikula katika baadhi ya vyombo hivi, lakini vingi walivipandisha ukutani. Katika nyumba za mawe za Lamu, Pate na Siyu kuta za ndani zilichongwa zidaka kwa safu, na ndani ya kila kidaka kikawekwa chombo. Katika makaburi ya nguzo ya Kaole, karibu na Bagamoyo, na ya Kunduchi, mabakuli yalizamishwa ndani ya chokaa ya nguzo, uso wa bakuli ukitazama nje. Mengi yamekwisha kubanduliwa na wezi, na yamebaki mashimo ya duara yanayoonyesha hata leo ukubwa wa kila bakuli lililoibwa.

Mkusanyo wa aina hii ulidumu hadi karne ya 19, isipokuwa asili ya vyombo ilibadilika. Siri ya kaure ngumu ilikwisha kujulikana Ulaya tangu kiwanda cha Meissen, Ujerumani, kilipoanza kazi mwaka 1710, na katika karne iliyofuata viwanda vya Uingereza na Uholanzi vikatoa kwa wingi vyombo vya udongo mweupe vya bei nafuu. Sahani na mabakuli ya Petrus Regout wa Maastricht yenye maua makubwa yalijaa katika masoko ya Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 ameeleza vyumba vya majumba ya kifalme ya Unguja: kuta zilizogawanywa kwa zidaka, na rafu zilizopangwa kaure na vioo kwa ulinganifu. Anasema watu wa nyumba hizo hawakujali bei, ilimradi sahani iliyochorwa kwa mkono ilipendeza machoni. Hao walikuwa wakusanyaji kwa maana kamili ya neno, wenye jicho, fedha na mahali pa kuweka.

Safari ya bara ilidai vitu vya namna nyingine. Kutoka Bagamoyo hadi Biharamulo ni karibu kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, na njia ya msafara haikunyooka hata kidogo. Iliingia Ugogo, ikafika Tabora (wakati ule Kazeh), kisha ikapinda kaskazini kupitia Unyamwezi na Uzinza. Mzigo ulibebwa kichwani au begani. Kipimo kilikuwa frasila, yaani ratili 35 au kilo 16 hivi, na mpagazi wa Kinyamwezi aliweza kubeba frasila mbili kwa miezi kadhaa. Tajiri aliyefunga mizigo yake alijiuliza swali moja: kitu gani kitafika kizima, kitakula nafasi ndogo na kitauzwa kwa pembe za ndovu? Bakuli lilishindwa katika yote matatu. Kwa upande wa kusini, Great Zimbabwe ilipata seladoni, na vipande vyake vilifukuliwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Ila huko mwendo kutoka bahari ulikuwa mfupi zaidi, na bidhaa iliyorudi ilikuwa dhahabu, ambayo kidogo chake hulipa gharama kubwa. Katika nchi za magharibi ya Ziwa pembe yenyewe ilikuwa mzigo mzito.

Misafara hiyo ilibeba nguo, nyaya na shanga. Nguo zilikuwa merikani, kaniki na visutu kwa watu wengi, na deole, hariri yenye nyuzi za dhahabu, kwa watawala. Nyaya nene za shaba ziliitwa masango. Zilifika Tabora zikiwa zimekunjwa mafungu, na mafundi wa huko wakazifua kuwa vitindi, bangili ndefu za kuzungushwa mkononi. Upande wa shanga ndio uliokuwa na elimu ya kutisha. Richard Burton, aliyepita njia ya kati mwaka 1857 na 1858, alikuta wafanyabiashara wa Unguja wakizungumzia aina zipatazo 400, kila moja na jina lake na wilaya yake. Samesame zilikuwa nyekundu za marijani. Ziliitwa pia kimara-pamba, kwa kuwa mtu angetoa hata chakula chake cha siku ili azipate. Sungomaji zilikuwa kubwa mfano wa yai la njiwa, nyeupe au za bluu. Shanga iliyopendwa mji mmoja ilikataliwa mji wa pili, na upendeleo uliweza kugeuka kati ya msafara mmoja na unaofuata. Tajiri aliyekosea rangi alifika bara na mzigo wa mawe. Wazungu wengi waliandika juu ya ugeugeu huo kwa dharau, kana kwamba ni utoto. Ukweli ni kwamba ulikuwa uchaguzi wa wanunuzi wanaojua wanachotaka, sawa na ule wa wateja wa Unguja waliochagua sahani iliyopendeza machoni.

Lango la misafara kuelekea Karagwe, Buganda na nchi za kaskazini lilikuwa Rusubi, ambayo wageni waliiita Usui. Utawala huu ulitokana na dola ya zamani ya Uzinza, na nchi yake imegawanyika leo kati ya Biharamulo na sehemu ya mashariki ya Ngara, wanakoishi Wasubi. Katikati ya karne ya 19 mtawala wake alikuwa Suwarora. Mwaka 1861 John Hanning Speke na James Grant, wakiongozwa na akina Sidi Mubarak Bombay, walifika kwenye nchi yake wakiwa wamechoka na wamekwisha kunyang'anywa sehemu ya mali na machifu wa Uzinza, ambao walikuwa wamepata habari za deole na kuzidai kwa majina. Speke alikuwa amezificha kwa ajili ya watawala wa mbele. Suwarora hakukubali kuonana na wageni hao uso kwa uso. Alituma maofisa wake, na maofisa wakaja na madai ya hongo: masango, nguo, shanga, kisha masango tena kwa ajili ya ofisa huyu na ndugu yake. Mpaka Novemba ndipo msafara ulipopewa ruhusa ya kutoka.

Speke aliandika habari hizo kama mtu aliyeibiwa. Kwa upande wa Rusubi hongo ilikuwa ushuru wa njia, na zaidi ya ushuru ilikuwa namna ya kukusanya. Omukama, yaani mfalme, wa Rusubi hakuwa na bandari wala sarafu. Alikuwa na njia, na kila msafara uliopita ulimwachia sehemu ya bidhaa bora kabla hazijamfikia mfalme jirani. Masango yaliyoingia kwa Suwarora hayakubaki katika mafungu. Yaligawanywa kwa watu wake kama zawadi, na kila mkono uliovaa kitindi cha shaba ulionyesha kwamba mwenye nao amekaa karibu na mfalme. Kwa hiyo mkusanyo wa Rusubi ulitawanywa kadiri ulivyokusanywa, na pengine ndiyo sababu hakuna msafiri aliyeacha maelezo ya ghala lake.

Karagwe, upande wa kaskazini, ilikuwa na desturi tofauti. Omukama Rumanyika Orugundu alitawala kuanzia miaka ya 1850 hadi kufa kwake, akiwa na makao Bweranyange. Mwendo mfupi kutoka ikulu palikuwa na Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Rumanyika alipata kiti chake katika vita vya urithi na ndugu yake Rogero, na Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi aliyekaa Tabora, alimsaidia kushinda. Tangu hapo mlango wake ulikuwa wazi kwa wageni. Speke alimfikia mwisho wa Novemba 1861 na kumkabidhi zawadi, miongoni mwake kitambaa chekundu cha sufu, koti la Kiingereza, sanduku la bati, mafungu ya waya wa shaba na shanga kubwa za bluu za mfano wa yai. Aliona pia ndani ya nyumba ya mfalme safu za vyuma na shaba zilizofanywa kwa urembo, pamoja na sanamu ndogo za ng'ombe wa chuma, ambazo aliambiwa kuwa zilitengenezwa na Waarabu wa Kafuro.

Maelezo makubwa zaidi ni ya Henry Morton Stanley, aliyepita Karagwe mwanzoni mwa mwaka 1876. Rumanyika alimfungulia nyumba ya hazina: nyumba ya duara iliyoezekwa majani, yenye upana wa kama futi 30. Ndani yake palikuwa na sanamu za bata za shaba nyeupe zenye mbawa za shaba nyekundu, sanamu za pofu, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Palikuwa na mikuki yenye ncha mbili, visu vipana vilivyong'arishwa, mipini iliyozungushiwa waya, migwisho ya kufukuzia nzi, ngoma, na vyombo vingi vya mti: viti, vikombe, bakuli na vyano vya maziwa vilivyochongwa kwa ustadi. Bunduki ya kuzunguka aliyoitoa Speke ilikuwamo, imetunzwa vizuri. Zilikuwamo pia zawadi za marafiki Waarabu: sinia kubwa nzito za shaba, na mifuniko kadhaa ya mabakuli ya supu ya bati jeupe, ambayo Stanley alidhani imetoka kwa Sayyid Barghash wa Unguja.

Mifuniko hiyo inastahili kutazamwa vizuri. Katika meza ya Kizungu mfuniko wa bakuli la supu ni kitu cha pili. Bila bakuli lake hauna kazi, na bakuli likivunjika mfuniko hutupwa. Bweranyange uliwekwa pamoja na vitu vya ufalme. Ulikuwa umbo la kuba lenye mng'ao na kishikio juu, chuma kigeni chepesi ambacho mfua chuma wa Karagwe angetambua papo hapo kwamba hakikuyeyushwa katika tanuri za nchi hiyo. Mfalme aliyezungukwa na mafundi hodari hakuhitaji kuambiwa kitu kile kilitumikaje huko kilikotoka. Ndivyo wafanyavyo wakusanyaji popote. Wazungu wa karne hiyohiyo waliweka katika makabati yao vikombe vya chai vya Kichina visivyowahi kuonja chai.

Juu ya ng'ombe wa chuma kuna hoja ya kujadili. Speke aliwahusisha na Waarabu wa Kafuro, lakini simulizi za Karagwe zinamtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mwenyewe alikuwa mfua chuma, na ufuaji ulikuwa sehemu ya heshima ya ufalme katika nchi zote za Maziwa Makuu. Andrew Reid na Rachel MacLean, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1995, walionyesha jinsi chuma, uzazi na madaraka ya mfalme vilivyofungamana Karagwe. Ng'ombe wale wana pembe ndefu zilizopinda za ng'ombe wa Kihima, umbo ambalo mtu wa pwani asingelijali kiasi hicho. Ni vigumu kuamini kwamba mkono uliowafua haukuwa wa nchi ile. Na kwa vitu vya shaba vya hazina hiyo, huenda shaba ilitoka Kafuro na ufundi ukatoka Bweranyange.

Sasa kaure yenyewe. Katika nchi zinazozunguka Ngara na Biharamulo pambo la heshima kubwa kuliko yote lilikuwa kibangwa. Ni duara jeupe lililokatwa kutoka kichwa cha kombe la bahari la jamii ya koni, kubwa kama kifuniko cha kikombe, lenye mchoro wa kuzunguka uliofanywa na kombe lenyewe lilipokuwa linakua. Upande wa kusini, Unyamwezi, kibangwa kilikuwa alama ya mtemi, akikivaa shingoni au kwenye paji la uso. Upande wa magharibi, Burundi na Rwanda, pambo la namna hiyo linaitwa ikirezi, na methali ya Kinyarwanda husema kwamba aliyevaa ikirezi hajui kuwa kinang'ara. Wahangaza wa Bugufi, katika Ngara ya leo, walikuwa chini ya utawala wa Burundi hadi mpaka wa kikoloni ulipowatenga, kwa hiyo alama za heshima za ikulu ya Burundi hazikuwa ngeni kwao. Thamani ya kombe hilo ilitokana na umbali wake na bahari. David Livingstone alipokuwa kwa chifu Shinte mwaka 1854, mbali sana upande wa kusini-magharibi, aliandika kwamba makombe mawili yalitosha kumnunua mtu, na matano yalitosha kulipia jino la tembo.

Bei kama hiyo haikuweza kukaa siri. Viwanda vya Ulaya vilivyokwisha kufahamu kutengeneza vifungo na shanga za kaure vikaanza kutoa vibangwa vya kaure: duara nyeupe, tundu katikati au pembeni, na mchoro wa kuzunguka uliopigwa kwa kalibu. J. R. Harding, aliyeandika uchunguzi wa vibangwa vya Afrika mwaka 1961, alizipanga nakala hizo pamoja na nyingine za kioo na za vitu vya kubuni. Ndivyo kaure ya Ulaya ilivyoingia nchi za ndani za Tanganyika: ikiwa imevaa sura ya kombe la Bahari ya Hindi.

Kutofautisha kibangwa cha kombe na cha kaure si kazi ngumu kwa aliyeshika vyote viwili. Kombe lina uzito usio sawa, kwa sababu unene wake hufuata umbo la mnyama aliyeishi ndani. Kaure ni sawasawa kote. Mchoro wa kombe huingia ndani ya mwili wake, na ukitazama ukingo uliovunjika utaona tabaka zilizolazwa juu ya nyingine. Ukingo wa kaure iliyovunjika ni mmoja, mweupe, wenye chembe laini, na juu yake kuna ngozi nyembamba ya kioo. Kombe lililovaliwa miaka mingi hupata rangi ya siagi kwa jasho na mafuta ya mwili, hasa pale kamba ilipopita. Kaure haiingii mafuta, hubaki nyeupe na baridi ngozini. Tone la ndimu huthibitisha: juu ya kombe, ambalo ni chokaa, litatoa povu dogo na kuondoa mng'ao, na juu ya kaure halifanyi kitu. Kipimo hiki huharibu, na mkusanyaji mwenye adabu hukitumia mahali pasipoonekana au hakitumii kabisa.

Shanga nazo zilipata nakala zao za kaure. Richard Prosser alipata hataza Uingereza mwaka 1840 kwa njia ya kukandamiza unga mkavu wa udongo ndani ya kalibu na kutoa vifungo, na njia hiyo ikaboreshwa Ufaransa, katika kiwanda cha Bapterosses huko Briare, ambacho kiligeukia pia shanga za kuuzwa Afrika. Shanga za namna hii zina alama isiyojificha: mshipi mwembamba ulioinuka katikati ya tumbo, pale kalibu mbili zilipokutana, na ncha moja laini huku ya pili ikiwa na vitundu. Mtu anayeokota shanga nyeupe au ya bluu kwenye njia ya zamani ya msafara akauona mshipi huo, ajue kwamba haikufika kabla ya katikati ya karne ya 19. Ni kitu kidogo mno, lakini wanaakiolojia wa njia za misafara wamekitegemea kupata tarehe pale ambapo vigae vya kigeni ni haba.

Mikusanyo ya wafalme haikudumu baada ya waliokusanya. Rumanyika alipokufa Karagwe iliingia katika ugomvi wa urithi. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara mkongwe wa Kafuro aliyempokea Stanley, aliuawa, na kituo chenyewe kikafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe karibu wote, na ndui ikafuata. Novemba 1890 Emin Pasha, akiitumikia Ujerumani, alianzisha kituo cha Bukoba, na utawala wa Kijerumani ukaenea kusini. Biharamulo ilijengewa boma la mawe mwanzoni mwa karne ya 20, ambalo bado limesimama juu ya mji. Hongo ilikwisha, na kodi ya rupia ikashika nafasi yake. Sehemu ya hazina ya Karagwe ilichukuliwa kupelekwa Ujerumani, na ng'ombe wa chuma wa Bweranyange wamo hadi leo katika makumbusho ya huko, wakioneshwa kama sanaa bora ya Afrika. Vita vya kwanza vya dunia vilichangia sehemu yake. Juni 1915 majeshi ya Waingereza yaliingia Bukoba na kuupora mji. Juni 1916 Wabelgiji wakaiteka Biharamulo. Vitu vidogo vya shaba na chuma hutoweka kwa urahisi katika siku kama hizo, kwani huingia mfukoni.

Katika miaka ya utawala wa Waingereza maana ya pambo la nyumbani ilianza kufanana na ya pwani, lakini kwa vitu duni zaidi. Maduka ya Wahindi yaliuza sahani za bati zilizopakwa rangi ya kioo, vikombe vya udongo mweupe na birika. Misheni zilileta seti za chai za mapadri na masista. Machifu walipata zawadi za serikali, nao wakaanza kuwa na kabati la vyombo sebuleni: kabati la mbao lenye mlango wa kioo, rafu zilizotandikwa vitambaa vilivyofumwa kwa sindano, na vikombe vilivyopangwa vishikio vikielekea upande mmoja. Kabati hilo lilienea baadaye hadi kwa walimu, makarani na wakulima wa kahawa, na bado lipo katika nyumba nyingi za mkoa wa Kagera. Vikombe vyake hutolewa akija mkwe, padri au mgeni wa mbali. Siku nyingine zote familia hunywa kwa vikombe vya plastiki. Baada ya uhuru vyombo vya China vilirudi kwa njia ya biashara ya serikali, safari hii vya bati lenye maua na vya udongo wa bei ya chini, ukoo wa mbali wa yale mabakuli ya Kunduchi.

Serikali ya Tanganyika ilifuta uchifu mwaka 1963, na alama za ufalme zilizokuwa bado mikononi mwa koo zikakosa kazi ya hadhara. Baadhi zilifichwa, baadhi zikauzwa kwa wachuuzi wa vitu vya kale waliozunguka kanda ya Ziwa na kuzipeleka Nairobi na Ulaya. Ng'ambo ya Ziwa, Bujora karibu na Mwanza, Padri David Clement alikwisha anza katika miaka ya 1950 kukusanya vitu vya watemi wa Usukuma na kuvijengea makumbusho, ndipo ngoma, viti na mapambo ya kitemi yakapata mahali. Ngara na Biharamulo hazikupata mtu wa aina hiyo, na hasara yake inaonekana: vitu vya Rusubi na Bugufi vinavyojulikana hadharani ni vichache mno vikilinganishwa na vya Usukuma.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, ndiyo inayotawala sasa umiliki na uuzaji wa vitu hivi. Inalinda kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Inalinda pia vitu vya utamaduni vya kienyeji vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1940, pamoja na milango ya mbao iliyochongwa. Hairuhusiwi kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Mwaka 1863, kwa sadfa, ndio mwaka kitabu cha Speke kilipochapishwa London, kwa hiyo zawadi alizoziacha Bweranyange ziko ndani ya ulinzi kwa tofauti ya miaka miwili tu. Ng'ombe wa chuma, kibangwa cha kombe kilichokatwa na fundi wa nchi na chano cha maziwa cha Mhangaza aliyekichonga kabla ya 1940 vyote vinaingia katika sheria. Kibangwa cha kaure kilichotoka kiwandani Ulaya mwaka 1880 na kuvaliwa na mtemi maisha yake yote hakiingii upande wowote, maana kimekuja baada ya 1863 na hakikutengenezwa na mikono ya wenyeji. Kinaweza kulindwa iwapo Waziri atakitangaza kwa jina. La sivyo, anayekinunua mnadani au sokoni anaweza kuondoka nacho kihalali.